Bastola ya akiba mguuni: somo kwa wenye leseni, someni kabla ya kuniuliza

Wiki hii nimeulizwa mara nne, moja nikiwa na tonge mkononi: "Mzee, nichukue gani ndogo ya kufunga mguuni, isiyoniumiza mfuko?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Leseni kwanza. Cheti kinataja silaha yenyewe na idadi ya risasi unazoruhusiwa, kwa hivyo ya pili nayo iombewe kwa Bodi ya Leseni za Silaha kabla hujatoa hata shilingi ya amana. Ya kuazima kwa rafiki, usiiguse.

Ya akiba ni ya akiba. Kama huna ya kiunoni unayoimudu, mguuni huna kazi napo. Ni mbali, ni polepole, na ukishainama huwezi kukimbia. Sifa yake huonekana umeketi kwenye gari na mkanda umekubana, ambapo kiunoni hapafikiki.

Ulizia risasi kabla ya bastola. Milimita 9 ya kawaida ni 9x19, yaani upana wa risasi na urefu wa ganda lake kwa milimita. Bastola nyingi ndogo hula .380, ambayo ni 9x17, na ile ndefu haiingii humo. Rivolva, ile ya silinda inayozunguka, nayo hutaka .38 Special. Duka likikwambia "zitakuja", bastola hiyo iache dukani.

Uzito. Ruger LCP ina gramu 270 hivi, utasahau umeivaa, lakini inapiga teke kama punda wa Lamu na alama zake za kulengea ni ndogo mno. Smith & Wesson 642, rivolva ya risasi tano, ni gramu 410 hivi. Nyundo yake imefichwa ndani, haikwami kwenye suruali. Glock 43, ya mwaka 2015, ni nusu kilo hivi ikiwa na magazini (kisanduku cha risasi) tupu, na ikiwa ya kiunoni kwako ni 9x19 basi unanunua risasi za aina moja tu. Taurus za Brazil ndizo kimbilio la wenye mfuko mwembamba. Sizikatai, ila piga risasi za kutosha uwanjani kabla ya kuiamini. Kinachozidi hapo kwa uzito, kutwa moja ukipanda ngazi za Old Town hapa Mombasa utaanza kuchechemea, na anayechechemea hutazamwa miguu.

Sasa kutu. Hapa ndipo nilipoharibu mimi, kwa hivyo nitakaa kidogo. Nilinunua ya mkono wa pili, chuma kilichopakwa rangi nyeusi ya kale, nzuri ajabu, bei rahisi. Ilipita kwa muuzaji mwenye leseni na karatasi zote, hapo sikukosea. Nikaifunga mguuni kwenye holsta ya ngozi, na usiku nikailaza humohumo. Nyinyi mnaujua mji huu: hewa yenyewe ina chumvi, na mguu ndani ya soksi hutoka jasho tangu asubuhi. Masika hayajaisha, madoa mekundu yakatokea upande ule ule unaogusa ngozi. Nikaingiwa na hofu, nikaimwagia mafuta kama nakaanga viazi karai. Hilo likawa kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Mguuni ndiko kwenye vumbi kuliko pote mwilini. Mchanga wa Bamburi, nyuzi za soksi na za suruali, vyote vikanata kwenye mafuta. Siku ya shabaha risasi ya kwanza ikatoka, ya pili slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, ikakwama nusu njia. Mkufunzi akaifungua, akachomoa donge la uchafu kama tumbaku ya kutafuna. Hakusema neno. Bora angenitukana.

Basi zingatieni. Chagua yenye fremu ya plastiki au alumini na sehemu za chuma kisichoshika kutu, hata ikizidi bei kidogo. Kila usiku itoe kwenye holsta. Chomoa magazini kwanza, kisha vuta slaidi, tazama chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kwa macho, na uipapase kwa kidole. Ukigeuza mpangilio huo, risasi mpya itapanda chemba nawe unadhani iko tupu. Ipanguse kwa kitambaa kikavu, kisha kingine chenye tone moja la mafuta. Tone! Kila wiki ifungue uisafishe, hata kama hujapiga. Nayo ilale sefuni, si chini ya mto.

Holsta: ifunike triga (kifyatulio) yote, iwe na mkanda wa kuishika juu, na ivaliwe juu ya soksi ndefu. Mwenye mkono wa kulia huifunga mguu wa kushoto, upande wa ndani.

Suruali: pana chini. Ukiketi kwenye tuk-tuk upindo hupanda.

Mazoezi: bastola tupu, risasi ziko chumba kingine, piga goti, vuta suruali kwa mkono wa kushoto, chomoa kwa kulia. Kila siku.

MASWALI

Kijana_Magongo: Sasa ipi ndiyo bora?
Jibu: Soma.

Kijana_Magongo: Nimesoma mzee, ila hukutaja moja.
Jibu: Sikutaja makusudi. Mimi sijui mguu wako, wala mkono wako, wala duka lako lina risasi gani. Aliyesoma angejua nimetaja nne, kila moja na lake.

Bei_Poa: Kuna jamaa ana ndogo, safi, bei ya kutupa. Haina karatasi tu.
Jibu: "Tu" hiyo ni miaka jela. Swali hili usinirudishie.

Mama_Tudor: Samahani kaka, mimi ni mfanyabiashara, nina leseni. Ndani ya baibui mguuni panafaa?
Jibu: Swali zuri, dada. Baibui hushuka hadi kisiginoni, kwa hivyo kuficha si tabu, tabu ni kuifikia. Utaiinua kwa mkono mmoja na kitambaa kitarudi kuangukia bastola. Nenda uwanjani na baibui lako lenyewe, ufanye taratibu mbele ya mkufunzi, kwanza ikiwa tupu. Rivolva yenye nyundo iliyofichwa haitakusumbua sana kama nyingine, haina cha kunasa.

Abu_Kibokoni: Assalaam alaykum. Ijumaa na udhu je?
Jibu: Waalaykumu salaam, sheikh. Hili hata mimi lilinichukua muda. Huwezi kuosha miguu mbele za watu nayo iko pale, na kuiacha kwenye kiatu mlangoni au garini ni haramu ya akili. Siku ya Ijumaa bastola yangu iko sefuni nyumbani tangu asubuhi, navaa kanzu, natembea mwepesi.

Fundi_Kilindini: Vile vifuko vya kukausha unyevu, vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, tia sefuni vinne vitano. Vyombo vyangu vya kupimia havijaona kutu tangu nianze.
Jibu: Hilo nalichukua. Unavibadilisha baada ya muda gani?

Fundi_Kilindini: Naangalia vile vinavyobadili rangi. Visivyobadili, kila mwezi.

Dereva_Mtwapa: Gari langu ni la gia za mkono, mguu wa kushoto uko kwenye klachi kutwa. Haitanisumbua?
Jibu: Itakusumbua ikiwa imefungwa chini sana. Ipandishe hadi chini ya shavu la mguu, uendeshe wiki nzima na holsta tupu kabla ya kutia kitu.

Dereva_Mtwapa: Na suruali, fundi akipanua chini haitaonekana ya zamani?
Jibu: Mwambie akupime umeketi, umevaa viatu utakavyovaa. Wangu alinipima nimesimama, nikairudisha mara mbili.