Sungura pori hupita chini ya wigo

Miche yako ikiliwa, kabla hujatoa hata shilingi moja ya uzio, inama uangalie shina lililokatwa. Sungura ana meno makali ya mbele, juu na chini, kwa hiyo hukata mche mshazari, safi, kana kwamba umepitishiwa wembe. Digidigi hana meno ya mbele ya juu. Yeye hunyofoa, na ncha hubaki na nyuzinyuzi. Ukikuta mche umelala palepale, umekatwa usawa wa udongo na haukuliwa, fukua kidogo pembeni yake: huenda sota, kiwavi anayekata miche, amejikunja humo. Nimeona watu wakijenga uzio kumbe adui ni kiwavi.

Ukiona na vinyesi vya duara, vikavu, vimetapakaa kati ya matuta, basi ni sungura.

Wigo wa miiba ya mgunga unafaa kwa mbuzi. Sungura hahangaiki kuuruka, hutafuta upenyo chini, na upenyo haukosekani. Kwa bustani ya mboga au kitalu, dawa ya kudumu ni wavu wa kuku wenye matundu ya sentimita 2.5, matundu ya 5 hupitisha watoto wa sungura. Nunua wenye upana wa futi 4. Simamisha sentimita 90, na hizo 30 zinazobaki zikunje zilale chini kuelekea nje, uzikandamize kwa mawe au vigingi. Anayejaribu kupenya hukanyaga wavu wenyewe. Bustani ya mita 10 kwa 5 itakula mita 30 za wavu. Mlango nao uguse ardhi. Hapo ndipo wengi hupoteza kazi yote.

Shamba la ekari mbili za kunde usilizungushie wavu, gharama itakushinda. Huko fyeka kingo. Sungura pori hachimbi shimo kama yule wa kufugwa: mchana hujilaza kwenye nyasi ndefu, giza likiingia hutoka kula. Akikosa pa kujificha karibu, huogopa kusogea. Mbwa anayelala shambani naye husaidia.

Maji ya pilipili na kitunguu saumu? Hufanya kazi kidogo, mvua ikinyesha yameondoka, na majani mapya huchipua bila kinga. Sumu usiitege kabisa: mbwa wako, kuku na bundi anayekulia panya ndio watakaokufa. Mitego pia iache. Tanzania kuwinda mnyamapori bila kibali ni kosa.

Usikimbilie kung'oa kunde zilizoliwa. Mche uliokatwa juu ya yale majani mawili ya mbegu unaweza kuchipua tena. Uliokatwa chini yake hauchipui, hapo rudishia mbegu siku hiyohiyo udongo ukiwa bado na unyevu.