Utakatifu nyuma ya kaunta: kwa Mkristo mwenye duka

Neno utakatifu likitajwa, wengi huwaza mfungo, mkesha na mavazi ya heshima. Lakini sura ya 19 ya Walawi, ile inayoamuru watu wawe watakatifu, haikawii kushuka shambani na sokoni: usivune mpaka pembeni kabisa, ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi, mizani iwe ya haki. Petro alipoirudia amri hiyo (1 Petro 1:15-16) aliitaka katika mwenendo wote. Kwa mwenye duka, basi, pa kuanzia ni mizani.

Ipime wewe mwenyewe. Chukua chupa ya maji ya lita 1 ambayo haijafunguliwa, ipime, andika uzito. Mimina maji yote, pima chupa tupu. Tofauti iwe karibu sana na kilo 1, kwa sababu lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ikiwa mizani inasoma kilo 1 pale penye gramu 950, mfuko wa sukari wa kilo 50 utauuza kama kilo 52 na nusu na ushee. Hizo kilo mbili na ushee ni mali ya wateja. Acha kuitumia, uipeleke kwa Wakala wa Vipimo, wala usijaribu kukisia kwa kuongeza konzi ya sukari.

Wanaopimia kopo wageuze kopo waangalie kitako. Kilichobonyea kwa ndani hupunja kila mteja, hata kama aliyekibonyeza ni mwenye duka wa zamani. Na hapa kuna jambo ambalo wauza nafaka hulikwepa: Kumbukumbu la Torati 25:13-14 linakataza kuwa na vipimo viwili, kikubwa na kidogo. Kununua gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, kwa mkulima, kisha kuuza kwa kilo kamili mjini, ni vipimo viwili hivyohivyo. Nunua kwa kilo kama unavyouza.

Maamuzi mengine hayapimiki kwa mizani, nayo huja ghafla, foleni ikiwa ndefu. Danieli aliazimu moyoni kabla sahani haijawekwa mbele yake (Danieli 1:8), kisha akaomba kwa adabu ajaribiwe siku kumi. Fuata mpangilio huo. Chagua jambo moja linalokuangusha mara kwa mara, amua usiku duka likiwa limefungwa, andika sentensi utakayosema, ijaribu siku kumi. Anayeapa kuacha mambo saba kwa mpigo baada ya mkesha huwa amechoka ifikapo Jumatano.

Mfano: mteja amelipa 65,000, anataka risiti ya 80,000 ili ofisini kwake warudishe zaidi. Sentensi yako iwe fupi: "Kaka, risiti naandika ulicholipa, bei tunaweza kuongea." Usihubiri. Wala usiseme "mwenye duka hataki" ilhali mwenye duka ni wewe. Huo ni uongo uliovishwa kanzu ya utakatifu. Baadhi ya wateja hawatarudi, na hesabu ya mwezi izingatie hilo mapema, maana azimio lisilotengewa hasara huvunjika siku ya kulipa kodi ya fremu.

Chenji ni dogo linalozoeleka. Kabla ya kufungua, uwe na 10,000 ya sarafu: 500 kumi, 200 kumi na tano, 100 ishirini. Pipi badala ya chenji ni sawa mteja akikubali, si akikuta umeshamwekea. Ukikosa kabisa, andika kwenye daftari, ukurasa wa pekee, kwamba anakudai, kama unavyoandika unapomdai wewe.

Pesa ya simu ikiingia kimakosa, usiiguse, ila usiharakishe kuirudisha pia. Angalia salio kwanza, kwa kuwa matapeli hutuma ujumbe wa uongo kisha hupiga simu wakilia. Kama fedha imeingia kweli, mwambie aliyekosea aombe mtandao wake uurudishe muamala, nawe ukiulizwa ukubali. Yesu aliagiza upole wa njiwa pamoja na busara ya nyoka.

Wapo wanaodhani toba huishia magotini. Walawi 6:1-5 inadai urudishe mali na kuongeza sehemu ya tano: uliyempunja 30,000 mpe 36,000. Mpelekee faraghani, taja kosa kwa jina lake, usiseme "kulitokea mchanganyo kidogo". Kosa la kawaida ni kuitia fedha hiyo kwenye kikapu cha sadaka huku mwenyewe anaishi mtaa wa pili. Hesabu 5:8 inaipeleka kwa Bwana pale tu ambapo hakuna wa kurudishiwa. Wateja wasiojulikana, wale wa mizani iliyopunja, wafidie kama Zakayo alivyoanza, kwa kuwapa maskini. Kadiria kilo ulizopunja kwa bei uliyouzia, kisha ongeza hiyo sehemu ya tano.

Kijana anayekubebea mizigo naye ana haki yake. Itenge kwenye bahasha asubuhi, kabla hujaenda kununua mzigo wa jumla, kwa sababu fedha iliyobaki droo ya mauzo hadi jioni huwa imeshapata kazi nyingine, na Kumbukumbu la Torati 24:15 linataka alipwe kabla jua halijatua.