Kutuma video kutoka kishikwambi hadi runinga bila waya

Kazi yangu ni kufunga runinga ukutani hapa Nairobi, na wiki haiishi kabla sijapigiwa simu: "Fundi, hii TV uliyonifungia haioni tableti yangu." Nikifika, mara nyingi runinga ni nzima na kishikwambi ni kizima. Shida huwa ni Wi-Fi, ama mtu anaakisi skrini mahali ambapo angetuma video.

Tofauti ni hii. Ukituma, runinga yenyewe inaichukua video kwenye intaneti, na kishikwambi kinabaki kuwa rimoti tu. Unaweza kujibu WhatsApp au kuzima skrini na filamu ikaendelea. Ukiakisi, kila kilicho kwenye skrini kinapanda ukutani, hata ujumbe wa chama unaokudai mchango mbele ya wageni. Kuakisi pia kunamaliza betri. Mimi huakisi picha za harusi na kazi za shule za watoto. YouTube natuma.

Hatua ya 1: Jua runinga yako inapokea nini. Zenye Android TV au Google TV kwa kawaida zina Google Cast ndani, yaani njia ya Google ya kutuma video. Samsung na LG nyingi za kuanzia 2019 hupokea AirPlay, njia ya Apple ya kutuma, kwa hiyo iPad inaingia moja kwa moja. Kama si smart lakini ina tundu la HDMI, chomeka kifaa kama Chromecast. Google iliacha kuzitengeneza 2024, lakini ukiipata Luthuli, barabara ya maduka ya elektroniki hapa Nairobi, ikiwa nzima, chukua. Ipe chaja yake mwenyewe. USB ya runinga mara nyingi haina nguvu ya kutosha, na kifaa kitakuwa kinazima na kuwaka.

Hatua ya 2: Weka vyote kwenye Wi-Fi moja. Usibahatishe. Fungua mipangilio ya runinga, soma jina la Wi-Fi herufi kwa herufi, kisha ulinganishe na la kishikwambi. Mtandao wa wageni uepuke, kwa sababu ruta nyingi huvitenga vifaa vya wageni visionane. Huna ruta? Washa hotspot ya simu, uunganishe runinga na kishikwambi hapo. Angalia bando tu: Netflix ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, kwa hiyo shusha ubora.

Kwa wanaoishi ploti zenye Wi-Fi moja ya jengo zima, ipe runinga jina lako kwenye mipangilio. Kuna siku nilikuwa kwa mteja Umoja, mtoto wake akabonyeza jina la kwanza aliloliona. Sebuleni kimya. Juu yetu tukasikia katuni zikiimba kwa sauti ya taarifa ya habari, na punde tukapigiwa hodi. Mzee wa nyumba ya juu mwenyewe alicheka, lakini rimoti alikuja nayo mkononi.

Hatua ya 3: Tuma. Fungua YouTube kwenye kishikwambi, utafute alama ya kisanduku chenye mawimbi kwenye kona yake ya chini kushoto, uiguse, kisha uchague runinga yako. Basi.

Hatua ya 4: Kama lazima uakisi. Kwenye Android vuta menyu kutoka juu, uguse alama ya kutuma skrini. Samsung huiita Smart View. Kwenye iPad vuta kutoka kona ya juu kulia, uguse mistatili miwili iliyopandana. Runinga ikionyesha namba, iandike kwenye kishikwambi. Runinga zenye Miracast, njia ya kuakisi isiyohitaji ruta, huongea na kishikwambi moja kwa moja, kwa hiyo picha zako utaziona hata bando likiisha.

Ukiakisi filamu ya kulipia ukapata sauti na skrini nyeusi, usinipigie. Programu hiyo imezuia kunakiliwa kwa haki za filamu. Tafuta alama ya kutuma ndani yake, kama ipo.

Video ikikwama kila mara, hamia Wi-Fi ya masafa ya 5 GHz kama runinga inaikubali, na uitoe ruta nyuma ya kabati. 5 GHz ni ya kasi ila haipendi kuta, kwa hiyo chumba cha mbali kiachie ile ya 2.4 GHz.

Stima ikipotea na kurudi, mpe ruta dakika chache. Runinga huamka kabla yake, na kama iliwahi kuhifadhi hotspot ya mtu, inaweza kujishika huko. Rudi hatua ya 2, usome jina tena.