SOMO: Kuchagua lenzi za kamera ya renjifainda ya kidijitali (soma mpaka mwisho ndo uulize)

Wakuu habari za humu. Kila nikifungua inboksi nakuta swali lilelile, "kaka nimepata Leica M8 ya mtumba nichukue lenzi gani", namjibu, kesho anakuja mwingine na hilohilo. Sasa naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia hapa.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kwenye renjifainda usichague lenzi kwa kukimbilia f ndogo kuliko zote (f ni namba ya uwazi wa lenzi, ikiwa ndogo mwanga mwingi unaingia), chagua kile ambacho kidirisha chako kinaweza kukuonyesha na fokasi ya bodi yako inaweza kukipata. Kwenye DSLR au mirolesi unachungulia kupitia lenzi yenyewe. Huku unachungulia kwa kidirisha cha pembeni, kuna mistari ya fremu na kiboksi katikati chenye picha mbili, unazungusha lenzi mpaka picha mbili zinakuwa moja. Lenzi kwa nyuma inasukuma kigurudumu kidogo ndani ya bodi, na hicho ndo kinachosogeza ile picha ya pili. Maana yake lenzi au adapta ikiwa na hitilafu, kidirisha kitakwambia fokasi imekaa na picha itatoka ukungu, hutajua mpaka umeshapiga.

HATUA 1: Jua sensa yako. Epson R-D1 ya mwaka 2004, ambayo ndo renjifainda ya kwanza ya kidijitali, sensa ni ndogo, unazidisha mm za lenzi kwa 1.5. Leica M8 (2006) unazidisha kwa 1.33. M9 (2009), M 240, M10, M11 ni fulu fremu (sensa saizi ya filamu ya 35mm), huzidishi. Kwa hiyo 35mm kwenye M8 inaona kama 47, kwenye R-D1 kama 53.

HATUA 2: Jua mdomo, yaani pale lenzi inapofungwa kwenye bodi. Lenzi za mdomo wa M, zilizoanza 1954 na Leica M3, zinaingia moja kwa moja. Za skrubu ya 39mm zinataka adapta, hatua ya 5.

HATUA 3: Angalia mistari uliyonayo kabla ya kuangalia bei. R-D1 ina 28, 35 na 50 tu. M8 inaonyesha miwili miwili, 24/35, 28/90 na 50/75. M9 mpaka M11 zina 35/135, 28/90 na 50/75. Lenzi pana kuliko mistari yako itakudai kidirisha cha kuchomeka juu au live view (kuona picha kwenye skrini ya nyuma kabla ya kupiga), na M8 na M9 hazina live view kabisa. Upande wa lenzi ndefu, fremu ya 135 ni kijiboksi kidogo katikati na 90 f/2 ukiifungua yote kwa mita moja unapata sentimita 1.5 hivi tu zilizo safi, mtu akipumua tu umekosa. Na mistari yenyewe si rula, ya M9 imepimwa kwa umbali wa mita 1 na ya M 240 kwa mita 2, ukipiga mbali picha itachukua vitu zaidi ya ulivyoona.

HATUA 4: Lenzi ya kwanza ni moja, 35 au 50, f/2 inatosha. Kwa M8 chukua 28 au 35. Voigtländer na Zeiss ZM (za Zeiss za mdomo wa M) karibu zote zinatoka kwa Cosina wa Japani, bei iko chini sana ya Leica na ni lenzi za maana kweli. Kwa Leica wenyewe majina yanakwambia uwazi: Summilux ni f/1.4, Summicron f/2, Elmarit f/2.8. Lenzi kubwa kama Noctilux inaziba kona ya kidirisha, yaani umelipa hela nyingi halafu kipande cha fremu yako hukioni.

HATUA 5: ADAPTA. Hii imeshanila hela kwa hiyo soma polepole. Lenzi ya skrubu imetengenezwa ikae milimita 28.8 kutoka kwenye filamu au sensa, mdomo wa M uko milimita 27.8. Tofauti ni milimita 1 kamili, na hiyo milimita 1 ndo adapta yenyewe. Ikizidi au ikipungua kidogo tu, ambapo kwa jicho huwezi kuona, lenzi nzima inakaa pasipo pake na fokasi inapotea kuanzia karibu mpaka mbali. Adapta za bei ya kutupwa nyingine ziko sawa nyingine hapana, na mbili za duka moja zinaweza kutofautiana, kwa hiyo pima kwa kalipa pande zote nne, ikisoma 0.96 upande mmoja na 1.02 upande mwingine rudisha. ONYO la pili: kuna aina tatu, 50/75, 28/90 na 35/135, kwa sababu adapta ndo inayoiambia Leica ilete mistari gani. Ukiweka lenzi ya 35 kwenye adapta ya 50/75 utakuwa unakata watu vichwa kwenye kidirisha huku picha inatoka na vitu kibao pembeni. ONYO la tatu: lenzi za zamani zinazosukumwa kuingia ndani, kama Elmar 50, USIISUKUME ndani ikiwa kwenye bodi ya kidijitali, bomba linaweza kugonga ndani. Jupiter-12 ya Kirusi nayo kioo cha nyuma kinaingia ndani sana, ukiona inagoma usilazimishe.

HATUA 6: Jaribu fokasi kabla hela haijatoka mkononi. Kamera kwenye tripodi, weka rula ya shule imelala mshazari umbali wa mita 1, lenga namba moja katikati, fungua apecha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) yote, piga. Rudia kwa mita 3 na kwa kitu cha mbali sana kama mnara. Lenzi zako zote zikikosea upande uleule, bodi ndo inataka kurekebishwa. Ikikosea moja, ni hiyo lenzi. Halafu funga apecha mpaka f/2.8 na f/4 upige tena bila kugusa fokasi, maana kuna lenzi fokasi yake inahama ukifunga, Zeiss C Sonnar 50 f/1.5 inajulikana kwa hilo, si mbovu, ndo ilivyo.

HATUA 7: Mulika tochi kwa nyuma, tafuta fangasi na mafuta kwenye mapanga ya apecha.

Maswali chini.

Dogo wa Mbeya: Kaka sijasoma yote ni ndefu, kwa kifupi lenzi gani kali?

Jibu: Soma hatua ya 1 mpaka ya 4, kisha niambie una bodi gani na unapiga nini.

Mnakuru: Boss niko na Canon EF 50 f/1.8, nikipata adapta si itaingia kwa M9 nisinunue ingine?

Jibu: Hapana mkuu. Apecha ya hiyo lenzi inaendeshwa na umeme wa bodi ya Canon, haina hata ringi ya apecha, na nyuma haina kitu cha kusukuma kile kigurudumu. M9 haina live view kwa hiyo utafokasi kwa kukisia. Iuze, ongezea kidogo, tafuta Voigtländer ya mtumba.

Mzee wa Viatu: Wewe unatisha watu bure, mimi Jupiter-8 natumia na adapta ya bei chee na picha kali.

Jibu: Sijasema Jupiter-8 mbaya, hata jina lake sijalitaja, soma tena. Hiyo ni f/2 ya Kirusi iliyotokana na Sonnar ya Zeiss, na Sonnar hiyo ilikuwa ya kamera za Contax za Zeiss, kipimo cha fokasi cha Contax hakilingani na cha Leica. Ukipiga f/5.6 mita 3 kosa linamezwa, huwezi kuliona. Fungua f/2, mita 1, lenga jicho la mtu, halafu weka picha hapa tuikuze tuione wote.

Mzee wa Viatu: Nimejaribu leo. Jicho halimo, kilichokaa ni pua.

Jibu: Asante kwa kurudi na majibu. Basi lenga sikio ukitaka jicho, au mpe fundi aipange upya kwa ajili ya Leica, wapo wanaoweza. Lenzi yenyewe ina rangi nzuri sana usiitupe.

Binti wa Mkunazini: Shikamoo kaka. Mimi nina M8 na Elmarit 28, napiga harusi huku Unguja. Mabuibui ya kinamama ambayo ni meusi kabisa yananitokea zambarau, mengine kama damu ya mzee, lakini suti za bwana harusi mara nyingine ziko sawa. Ni lenzi au macho yangu?

Jibu: Marahaba dada, swali zuri sana hili na nimefurahi umegundua kwamba si kila nguo. Lenzi yako nzima. M8 walipunguza unene wa kioo kinachokinga sensa dhidi ya infraredi (mwanga ambao macho hayauoni), kwa sababu lenzi za renjifainda zinakaa karibu sana na sensa na mwanga wa pembeni unaingia mshazari, kioo kikiwa kinene kona zinaharibika. Matokeo yake infraredi inapenya, na vitambaa vya nailoni na poliesta hata vikiwa vyeusi kwa macho vinaakisi infraredi nyingi. Buibui nyingi ni poliesta. Suti ya sufu inatulia zaidi. Dawa yake ni filta ya UV/IR mbele ya kila lenzi, kwa hiyo kabla ya kununua lenzi nyingine angalia kipenyo cha filta, nyingi ni 39mm au 46mm, ukikaa kwenye saizi moja filta moja inatosha zote. Kwenye Fotoshopu usihangaike, ukirekebisha buibui unaharibu hina na ngozi.

Binti wa Mkunazini: Nimeazima filta hiyo, buibui zimekuwa nyeusi ila sasa kona za picha zina ukijani-bluu.

Jibu: Hiyo inatokea kwa lenzi pana na filta hiyo, kwa 28 lazima uione. M8 inaisahihisha yenyewe ikijua ni lenzi gani, na inajua kwa kusoma vialama sita vyeusi na vyeupe kwenye ringi ya nyuma. Kama Elmarit yako ni ya zamani haina hivyo vialama, na M8 haikuruhusu kuchagua lenzi kwenye menyu kama M9. Watu huchora kwa kalamu isiyofutika wakijaribu, ikikubali wanachongesha. Washa kwanza kwenye menyu kipengele cha kutambua lenzi, pamoja na cha UV/IR.

Abu Salim, Maskati: Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi nina M10 na navaa miwani, mistari ya 28 siioni mpaka nigandamize jicho.

Jibu: Waalaykum salaam. Kwa miwani 28 kweli inasumbua, mistari iko ukingoni kabisa. Ama uhamie lenzi ya 35, ama uweke kidirisha cha nje cha 28 juu ya kamera, ama ununue lenzi ya kurekebisha macho inayofungwa kwenye kitundu cha kuchungulia upige bila miwani.

Binti wa Mkunazini: Na kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe watu wanapita haraka, kufokasi siwahi.

Jibu: Usifokasi. 35 kwenye M9, f/8, weka mita 3, kila kitu kuanzia karibu mita 2 mpaka 7 kitakubalika. Kwa M8 yako tumia hiyo 28 f/8 mita 2.5. Lenzi yenye kijiti cha kushika kidole ni bora hapo, kidole kinazoea umbali bila kutazama. Alama zilizochorwa kwenye lenzi za kuonyesha kuanzia wapi mpaka wapi patakuwa safi ni za enzi ya filamu, ukiwa kwenye f/8 soma alama za f/5.6.

Mtanga: Mkuu hiyo ya fangasi, mimi yangu imeingia, nianike juani kama wazee wanavyosema?

Jibu: Usianike. Joto linayeyusha grisi ya ndani inahamia kwenye mapanga ya apecha, na alama ambazo fangasi wameshachimba kwenye kioo hazitoki kwa jua. Huku pwani weka kwenye boksi la plastiki linalobana na silika jeli, badilisha zikijaa maji, na usihifadhi kwenye mfuko wa ngozi. Iliyokwisha ingia peleka kwa fundi, ila muulize kwanza kama ameshafungua lenzi ya renjifainda, maana uzi wa skrubu wa kuzungushia fokasi una sehemu nyingi za kuanzia, akirudisha kwenye sehemu isiyo yake lenzi itang'aa kama mpya na fokasi hutaipata. Mwambie aweke alama kabla hajafungua, na ukienda kuichukua nenda na rula yako.