Kufunga nyumba kwa pesa kidogo Lubumbashi: namna ya kuzunguka maduka na kupima kitu kabla ya kulipa

Mwizi akiingia kwa jirani usiku, asubuhi avenue nzima inakimbilia sokoni. Wauzaji wanajua. Mtu mwenye hofu haulizi bei mara mbili: anachukua kadena (kufuli) ya kwanza aliyoonyeshwa, analipa, anakwenda. Mwezi haujaisha, ufunguo umevunjikia ndani. Mimi kazi yangu ni kufunga milango na vitasa, na nusu ya wateja wangu wananiita nirekebishe kitu walichokinunua wakiwa bado wanatetemeka. Kwa hiyo fanyeni somo hili mapema, siku ambayo hakuna aliyeibiwa.

Bei kwa namba siziandiki. Zinapanda na kushuka na dola, na kibanda cha komini ya Kenya, ile ya hapa Lubumbashi, hakifanani na kenkayeri (duka la vifaa vya ujenzi) ya mjini. Ninachoweza kuwapa ni namna ya kujua kama kitu kinastahili bei unayotajiwa.

Hatua ya kwanza: zunguka nyumba yako

Toka nje jioni, umeme ukiwa umekatika, uufunge mlango kama unasafiri. Kisha uutazame ukiwa upande wa mwizi. Unaona skrubu za pete ya kadena? Kama zinaonekana mlango ukiwa umefungwa, mwizi anahitaji bisibisi tu, na kadena yako hata ingekuwa ya benki haitaguswa kabisa. Bawaba ziko upande gani? Mlango unaofungukia nje mara nyingi pini za bawaba ziko nje pia: anazigonga, anaunyanyua mlango, kadena inabaki inaning'inia kwa heshima zake zote.

Chukua rula na karatasi. Andika unene wa mlango, upana wa tundu la pete, unene wa fremu, vyote kwa milimita. Vipimo hivyo ndivyo vitakavyokutetea sokoni, kwa sababu muuzaji akisema "hii inaingia popote", wewe utakuwa na namba mkononi.

Hatua ya pili: zunguka bila kununua

Siku ya kwanza nenda na pesa ya taxi tu. Pita kenkayeri za mjini, shuka soko la Kenya, na kama unaishi upande wa Ruashi pita huko pia. Uliza kitu kilekile, cha ukubwa uleule, pote. Bidhaa nyingi zinapita mpaka wa Kasumbalesa na zinatoka kwenye makontena yanayofanana, kwa hiyo tofauti ya bei mara nyingi ni tofauti ya kodi ya duka. Lakini si kila mara, na hapo ndipo akili inapotakiwa: kenkayeri yenye mlango na jina inaweza kukubadilishia kitu kibovu kesho yake, wakati yule anayetandika bidhaa chini kesho anaweza kuwa ametandika kwingine. Kwa taa ndogo au filimbi sina neno, nunua hata barabarani. Kwa kitasa cha mlango wa mbele, lipa zaidi kidogo upate risiti.

Muulize muuzaji mapema kama bei ni ya dola au ya franka, na kiwango chake cha kubadilisha ni kipi. Kuna wanaotaja dola nzuri, halafu chenji wanakurudishia kwa franka kwa hesabu yao wenyewe. Na nota zako za dola ziwe safi. Iliyochanika pembeni, hata kidogo kama jino la panya, itarudishwa, na mazungumzo yote ya kupunguziwa bei yataanza upya.

Hatua ya tatu: kadena

Hapa nitakaa, maana ndipo watu wanapodanganywa zaidi.

Beba sumaku. Spika ya redio iliyokufa inayo moja nzuri. Kadena ya rangi ya njano inauzwa kwa jina la shaba, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, ambayo haishikwi na sumaku. Weka sumaku kwenye mwili wa kadena, mbali na upinde (ule mkono uliopinda unaopita kwenye pete), kwa sababu upinde ni chuma na utashika tu. Mwili nao ukishika, umeuziwa chuma kilichopakwa rangi. (Sisi wa mji wa shaba kuuziwa rangi ya shaba, hiyo nayo ni aibu yake.) Chuma chenyewe si dhambi, kuna kadena za chuma nzito na imara kuliko za shaba. Ila kilichopakwa kisiwe na bei ya shaba, na mvua za Desemba zitakiozesha.

Kisha omba kadena mbili za aina moja kutoka katoni moja. Chukua ufunguo wa hii, jaribu kuufungulia ile. Usione haya, fanya mbele ya muuzaji. Kadena za bei ya chini kabisa zinatengenezwa na aina chache za funguo, na nimeona mama mmoja pale sokoni akizifungua tatu kwa ufunguo mmoja huku muuzaji akitazama pembeni. Kama zinafunguana, jirani yako aliyenunua pale pale ana ufunguo wa nyumba yako.

Baada ya hapo tazama upinde. Ufungue, angalia miguu yake miwili: ina vijipengo vya kushikwa pande zote mbili au upande mmoja? Pande mbili ni bora sana. Ukifunga, uvute na kuutikisa. Usicheze kama jino la mtoto. Kama una tupa ndogo, omba kuikwaruza sehemu ya ndani isiyoonekana. Upinde uliokazwa kwa moto, tupa inateleza juu yake. Chuma laini kinaachia unga mara moja, na hicho mkasi wa chuma utakikata. Muuzaji akikataa tupa, uamuzi ni wako. Mimi huwa naondoka.

Upinde ujaze tundu la pete. Tundu la milimita 14 na upinde wa milimita 6 ni kumpa mwizi nafasi ya kuingiza nondo na kukanyaga. Vipimo vyako vya jana vinasaidia hapa.

Kwenye pakiti za kadena za Ulaya utakuta wakati mwingine EN 12320 na daraja kuanzia 1 hadi 6. Namba kubwa ndiyo ngumu zaidi. Ni alama nzuri, lakini karatasi inachapishwa popote, na majina makubwa kama Yale au Tri-Circle yanaigwa. Iamini sumaku kwanza.

Mwisho omba mbasela, nyongeza ya bure: ufunguo wa tatu. Mara nyingi utaupata kirahisi kuliko kupunguziwa bei.

Hatua ya nne: kitasa cha mlango

Kifupi: kile kiini kinachoingizwa ufunguo, kanoni, kisichomoze nje ya bamba zaidi ya milimita 3. Kikichomoza kama pua kinashikwa na kuvunjwa katikati, pale penye tundu la skrubu, ndipo pembamba. Pima kutoka skrubu ya katikati kwenda nje, kisha kwenda ndani. Pande mbili zinaweza kutofautiana. Kubadilisha kanoni peke yake ni nafuu kuliko kitasa kizima, na ni dakika kumi.

Hatua ya tano: nondo za madirisha

Fundi wa kuchomelea atakwambia "nondo ya 12". Nenda na spana ya namba 12. Ikae kwenye nondo bila kuyumba. Ikiwa inacheza huku na huku, ile ni ya 10 inayouzwa kwa jina la 12, na uzito wa chuma uliolipia umebaki dukani. Nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 12. Sisitiza achomelee kuzunguka kila kiungo, kwa sababu wengine wanaweka tone moja na rangi juu.

Na hili nawaomba kama ndugu: dirisha moja la kila upande wa vyumba vya kulala liwe na nondo za kufunguka, kadena yake iwe ndani, ufunguo utundikwe mahali watoto wanapajua lakini mkono wa mtu wa nje haufiki. Mshumaa ukianguka usiku, nondo hazijui kama anayezishika ni mwizi au mwenye nyumba.

Hatua ya sita: taa ya sola

Pakiti itasema wati 200, 300, wengine wanaandika hata 500. Pima paneli kwa rula. Kila kipande cha sentimita 10 kwa 10, kwenye jua kali la saa sita, kinatoa karibu wati 2 paneli ikiwa nzuri. Paneli ya 35 kwa 25 ni vipande karibu 9, yaani wati 17 hivi. Ikipata saa tano za jua zuri, umeme huo ukiugawa kwa usiku wa saa 12 unabaki wati 7, na betri inakula sehemu. Kwa hiyo taa hiyo kwa kweli ni ya wati 5 mpaka asubuhi, na wati 5 za LED zinatosha kabisa kumulika mlango. Ilipie bei ya wati 5.

Chagua yenye sensa ya mwendo: inakaa hafifu, mtu akipita inawaka kwa nguvu. Paneli ielekee kaskazini, kwa sababu sisi tuko kusini ya ikweta, na ifutwe vumbi kiangazi, hasa kama barabara yenu ni ya udongo mwekundu.

Sentineli (mlinzi wa usiku), mbwa, filimbi za majirani: vyote vinasaidia kwa sababu vinaongeza kelele na dakika. Namba za simu za majirani ziwe kwenye karatasi ukutani, maana simu yako ndiyo itakayoibiwa kwanza.

Maswali ya wanakikundi

*Mpangaji wa Kenya: Yaya (ndugu mkubwa), mwenye nyumba hataki nitoboe mlango wake. Nifanye nini?*

Badilisha kanoni tu, haitobolewi kitu. Ile ya zamani ifunge kwenye karatasi pamoja na funguo zake, siku ya kuhama uirudishe na yako uondoke nayo. Mwambie kabla, hata kwa ujumbe wa simu, ili asije akatafuta sababu ya kuizuia garanti yako, ile pesa uliyoweka ulipoingia.

*Kijana wa Ruashi: Mukubwa, haya yote ni mazuri, lakini hao watu wanakuja na silaha. Kuna mtu anajuana na binamu yangu, anauza bastola kwa bei ya kuelewana. Si bora?*

Hapana, mdogo wangu, na bei yake usiiulize. Silaha nchini zinatawaliwa na sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985: raia hawezi kuwa nayo bila ruhusa ya serikali, na huyo mtu wa binamu yako hana ruhusa ya kukupa. Ikikutwa kwako ni gereza, na ikiwa ni silaha ya vita unaweza kujikuta raia mbele ya mahakama ya kijeshi. Hujui pia ilimuua nani kabla ya kukufikia. Ikitambuliwa, utaeleza wewe. Tena fikiria usiku wenyewe: wao wako wanne, macho, wewe umeamka sasa hivi, watoto wamelala chumba cha pili, ukuta ni wa matofali mabovu. Risasi haitachagua. Pesa hiyo inatosha mlango wa chuma wa chumba cha kulala, wenye makomeo mawili ya ndani. Mkiwasikia, jifungieni humo wote, pigeni filimbi na simu, waache wachukue televisheni.

*Mama wa Katuba: Kadena yangu inakwama kila mwaka mvua zikianza. Natia mafuta ya kupikia lakini inazidi.*

Mama, mafuta ya kupikia yanaganda na kushika vumbi, ndiyo maana inazidi. Isafishe na petroli kidogo, mbali na moto, iache ikauke. Kisha kwaruza risasi ya penseli ipate unga, uutie kwenye tundu la ufunguo, ingiza na kutoa ufunguo mara kadhaa. Mafuta mepesi ya mashine weka kwenye miguu ya upinde tu. Juu yake tundika kipande cha mpira wa tairi kiifunike.

*Baba wa Kampemba: Nina pesa ya kitu kimoja tu mwezi huu. Kipi?*

Boliti. Toa skrubu za pete ya mlango, weka boliti zinazopita mlango mzima, nati iwe ndani, kichwa cha nje kiwe cha mviringo kisichoshikwa na spana. Ni kati ya vitu vya bei ndogo nilivyovitaja, na kadena uliyonayo itaanza kufanya kazi.

*Dada wa Kamalondo: Na mchonga funguo wa sokoni, hawezi kubaki na kopi?*

Anaweza, ingawa wengi ni watu wa kazi yao. Simama mbele yake mpaka amalize, hesabu vipande alivyochonga, na kile kilichoharibika ondoka nacho. Usimwambie unakaa wapi. Na toa ile plastiki uliyoandika avenue na namba ya nyumba kabla hujamkabidhi ufunguo.