Mzee akianza kupaka piko: kumtambua anayedhulumiwa na kumfikisha kwenye ulinzi wa sheria hapa Malindi

Kuna bibi mmoja upande wa Ganda niliyemjua kwa mvi zake. Kichwa kilikuwa cheupe pe. Siku moja nikamkuta sokoni nywele nyeusi tititi, kapaka piko, ile rangi ya kuficha mvi. Nikamtania: "Bi, umeposwa?" Hakucheka. Akasema, "Mwanangu, mvi siku hizi zina kesi." Nilienda zangu nikiliona ni neno la mzaha. Wiki tatu baadaye nyumba yake ya makuti ilitiwa moto usiku. Yeye alitoka salama, na neno lake halijanitoka mpaka leo: alikuwa akizificha mvi ili asiitwe mchawi.

Kazi yangu ni usaidizi wa sheria. Si wakili mimi. Naandika maelezo ya watu, nawasindikiza polisi na mahakamani, na nakaa nao kwenye benchi mpaka jina liitwe. Njia ninayoieleza hapa nimeipita na wazee wenyewe, Malindi na vijiji vyake. Ndugu zangu wa Lamu wataikuta ni ileile, ila kwao kinachogombewa mara nyingi ni nyumba ya mawe mjini badala ya shamba la minazi.

Uliweke akilini jambo moja kabla hujatoka nyumbani. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya kiasi kutoka kwa jamaa zake na kwa serikali. Na mzee kwa Katiba hiyo ni aliyetimiza miaka 60. Kwa hiyo ukiingia ofisini kumtetea, huendi kuomba hisani.

Hatua ya 1: Kaa naye peke yake

Hapa ndipo nilipokosea mwaka wangu wa kwanza. Nilimhoji babu mmoja barazani, mwanawe kaketi pembeni anatumiminia kahawa, mpole kweli kweli. Kila swali mwana ndiye aliyelijibu: "Baba hasikii vizuri." Nikaandika kwamba hakuna tatizo. Siku nyingine nilimkuta babu peke yake njiani kutoka msikitini, na alikuwa anasikia vizuri kuliko mimi.

Siku hizi natafuta kisa cha kuwa naye faragha. Namsindikiza zahanati, namwomba anionyeshe mpaka wa shamba, au namtuma msichana aende akakae na bibi wakisuka ukili. Usimuulize, "Je, unanyanyaswa?" Atakwambia hapana, kwa sababu aibu ya mtoto ni aibu ya mzazi. Muulize mambo ya kawaida. Jana ulikula nini? Kitambulisho chako kiko wapi? Pesa yako nani huiendea? Usiku mlango wako hufungwa kwa ndani au kwa nje? Swali hilo la mwisho limenifungulia kesi mbili.

Dalili za mwili wengi wanazijua: michubuko ya mikono mahali pa kukamatwa, kukonda, nguo zenye mkojo wa juzi, dawa za presha zilizokwisha na hakuna aliyejali. Mimi natazama zaidi mambo yaliyobadilika. Mzee aliyekuwa mtu wa baraza haonekani tena. Simu yake inapokelewa na mtu mwingine. Anashtuka gari likisimama. Na huku kwetu tazama matangani. Kijana akifa ghafla, angalia mzee gani hakualikwa mazikoni, au alikwenda akakaa peke yake hakuna aliyemsogelea. Maneno ya uchawi mara nyingi huanzia pale, udongo wa kaburi haujakauka. Piko kichwani huja baadaye.

Hatua ya 2: Fuata karatasi

Sijakutana na kesi nyingi za mzee kuitwa mchawi ambazo chini yake hapakuwa na ekari kadhaa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani kampiga, mimi huuliza: hatimiliki iko kwa nani?

Kama ardhi ina hati, chukua namba yake mwende mkafanye sachi kwenye ofisi ya usajili wa ardhi. Sachi inakuonyesha jina la mwenyewe, kama ardhi imewekwa rehani, na kama imeshahamishwa. Nimewahi kukaa na bibi aliyeambiwa na mjukuu wake aweke dole gumba "kwenye fomu ya msaada wa chakula". Sachi ikaonyesha msaada ulikuwa wa nani.

Ukiona dalili kwamba kuna mtu anazengea, omba zuio chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Kwa msajili wa ardhi yako ya aina mbili. La kwanza, ambalo wengi wanalijua kwa jina la kosheni, huwekwa na mtu mwenye dai katika ardhi ile, kwa mfano mke anayeishi humo. La pili huwekwa na msajili mwenyewe ili kuzuia ulaghai, naye huweza kuliweka kwa kuombwa na mhusika. Likishaandikwa, ardhi haihamishwi kimyakimya.

Shamba la kilimo lina mlango mwingine, bodi ya ardhi. Uuzaji wake unahitaji idhini ya bodi hiyo. Mzee ahudhurie kikao mwenyewe na aulizwe kwa lugha anayoielewa kama anauza kwa hiari. Ukisikia jina lake limo kwenye orodha ya kikao na yeye hana habari, nenda siku hiyo hiyo.

Je, kama hakuna hati? Pwani hii mashamba mengi yana watu waliokaa vizazi vitatu bila karatasi. Basi andika miti. Nani alipanda ile mikorosho, miembe ina umri gani, makaburi ya nani yako pale, majirani gani wa mpakani wanaweza kusimama wakaseme. Piga picha. Hayo ndiyo maandishi ya asiye na maandishi.

Vijana wakikwambia "hiyo ni mali yetu ya urithi", wajibu kwa upole kwamba mtu aliye hai harithiwi.

Usisahau na karatasi ndogo. Mzee wa miaka 70 na zaidi aliyesajiliwa Inua Jamii, mpango wa serikali wa pesa za wazee, hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Pesa hiyo huliwa na mshika simu. Uliza nani ana laini na nani anajua namba ya siri. Si kila mjukuu anayemtolea nyanya pesa ni mwizi, wengi wanatembea mbali kwa ajili yake. Lakini mzee azione noti mkononi mwake.

Hatua ya 3: Akiitwa mchawi

Watu hushangaa nikiwaambia kwamba kumwita mtu mchawi ni kosa la jinai Kenya. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1925, sura ya 67, na kifungu chake cha 6 kinamshika anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi au kumtisha kwamba atamtuhumu. Faini yake haizidi shilingi 500, pesa ambayo leo unaimaliza kwa samaki mmoja. Lakini kifungo chake ni hadi miaka 5, na hicho hakijapungua thamani.

Sheria hiyo ina tundu, nawe ulijue. Tuhuma ikipelekwa kwa chifu, polisi au mtu mwingine mwenye mamlaka, haihesabiki kuwa kosa. Ndiyo maana wajanja hupeleka maneno yao kwa chifu. Wakifanya hivyo, nenda wewe pia kwa chifu yule yule, mwambie kwa maandishi kwamba maisha ya mzee yako hatarini, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Vitisho usivipuuze hata vikija kwa utani. Weka ile barua iliyosukumizwa chini ya mlango, usiichane. Ujumbe wa simu usiufute. Jina la aliyesema "mwaka huu hauishi" liandike pamoja na siku, mahali na waliosikia.

Hatua ya 4: Polisi na hospitali

Akiwa ameumia, hospitali kwanza. Kesi haimbebi mtu anayevuja damu. Kisha polisi, dawati la jinsia kama lipo, na msitoke bila nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo. Ombeni fomu ya P3, ambayo daktari ataijaza kueleza majeraha. Mzee ana haki ya kutoa maelezo kwa afisa wa jinsia yake akiomba hivyo. Akina bibi wengi huongea hapo tu.

Kuna jambo hatupendi kulitaja: bibi wa miaka 75 anaweza kubakwa. Likitokea, asioge, nguo zile zisifuliwe, na afike hospitali kabla ya saa 72 kwisha ili dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zifae. Hakuna umri unaomtoa mtu kwenye dawa hizo.

Mkiambiwa kituoni "hayo ni mambo ya nyumbani, nendeni mkayamalize", msiondoke. Ombeni kumwona mkuu wa kituo, na mtaje sheria nitakayoitaja sasa. Usiku, au ukiwa mbali, piga 999 au 112. Namba 1195 ya dhuluma za kijinsia na za nyumbani ni ya bure, mchana na usiku.

Hatua ya 5: Amri ya ulinzi

Neno ninalolisikia kuliko yote ni hili: "Sitaki mwanangu afungwe." Wazee wengi hukimbia msaada kwa sababu wanadhani sheria inajua jela tu.

Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Unyanyasaji wa Nyumbani, ya 2015, ina njia nyingine. Mzee anaomba mahakama ya hakimu itoe amri ya ulinzi. Amri hiyo yaweza kumkataza mtu asimpige, asimtishe, asimsogelee, asiingie kwake, na hata ahame nyumba wanayoishi pamoja. Mwana hafungwi kwa kuandikiwa amri. Akiivunja ndipo anatenda kosa, na hapo ni faini hadi shilingi 100,000 au kifungo hadi miezi 12, au vyote viwili. Nikimweleza mzee hivyo pole pole, mara nyingi yeye mwenyewe husema, "Basi tuandike."

Na unyanyasaji humo si kipigo tu. Kumnyima mtu pesa zake, kumfungia nje ya nyumba yake, kumtukana kila siku, kumharibia mali, vyote vimo. Hivyo huna haja ya kungoja jeraha.

Nendeni rejista ya mahakama mapema asubuhi mkiwa na kitambulisho, nambari ya OB, P3 kama ipo, picha, na hati ya kiapo inayoeleza visa kwa tarehe. Visa vitatu vyenye siku na mashahidi vinamsaidia hakimu kuliko kurasa kumi za "ananitesa sana". Hatari ikiwa karibu, ombeni amri ya muda, ambayo yaweza kutolewa kabla anayelalamikiwa hajaitwa. Mzee asiyeweza kufika kwa udhaifu au hofu, mtu mwingine anaweza kuomba kwa niaba yake. Asiye na pesa ya wakili aulizie msaada wa serikali chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016.

Mkiipata amri, itoeni nakala nyingi: moja kituo cha polisi, moja kwa chifu, moja kwa mzee wa mtaa, moja kwa jirani mwenye simu, na moja kwa mzee mwenyewe ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na mchwa.

Hatua ya 6: Kwa Waislamu, pale pa kadhi

Mahakama ya Kadhi ina ndoa, talaka, hadhi ya mtu na mirathi, kwa Waislamu waliokubali kwenda huko. Vitisho na vipigo havimo. Hata hivyo elimu yake inasaidia, hasa kwenye hiba, yaani mali mtu anayoitoa zawadi akiwa hai. Mzee anaumwa taabani, mtoto mmoja anatokea na karatasi kwamba kapewa nyumba. Hiba ya ugonjwa wa mauti huhesabiwa kama wasia, na wasia haupiti thuluthi ya mali wala hauendi kwa mrithi mpaka warithi wengine waridhie. Na kwa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa pwani hii, mzazi anaweza kuirudia hiba aliyompa mwanawe maadamu mali bado iko mikononi mwa mwana. Kama hati imeshabadilishwa jina, itabidi mahakama nyingine ihusike, lakini mzee akijua hivyo tu mgongo hunyooka.

Hatua ya 7: Atalala wapi leo

Hatari ikiwa ya usiku huu, ruka yote niliyoandika na umwondoe. Kwa binti aliyeolewa mbali, kwa ndugu wa mama, au kwenye kituo cha wazee kama kile cha Kaya Godoma huko Ganze, kinachowahifadhi waliotuhumiwa uchawi.

Lakini hapa naomba unisikilize. Mzee akiondolewa, aliyemfukuza ndiye anayebaki na shamba. Ndilo alilokuwa akilitaka. Kwa hiyo siku tatu za kwanza baada ya kumhamisha ndizo siku za zuio, za barua kwa bodi ya ardhi, za kumwachia jirani mwema kazi ya kuangua nazi na kufyeka mpaka, ili lisionekane gofu lisilo na mwenyewe. Bibi wa Ganda tulimpeleka kwa binti yake siku ya Jumatatu. Alhamisi watu walikuwa shambani na kamba za kupimia. Zuio lilikuwa limeingia Jumatano.

Wazee wa kaya (wa mila) au wa mtaa wakitaka kusuluhisha, mzee akitaka, wasuluhishe mpaka na maneno. Moto na panga vibaki kwa polisi. Na suluhu iandikwe, isomwe kwa sauti mbele ya mzee, ijulikane nani atatoa nini na lini.

Baada ya hapo ni kutembelea. Mimi huchagua siku pesa ya Inua Jamii inapoingia. Nafika, natoa shikamoo, naomba kuona simu, naomba kuona sufuria. Bibi wa Ganda amerudi kwake tangu mvua za vuli, nyumba sasa ya bati. Mara ya mwisho alinituma kahawa, nami nilipoipeleka akanirudisha dukani: alikuwa ametaka na tangawizi.