Kaumwa na Nge Usiku: Hatua za Mhudumu wa Zahanati

Huku vijijini Dodoma, mvua za kwanza zikinyesha, nge hutoka kwenye nyufa za nyumba za tembe na marundo ya kuni, na simu za usiku zinaanza. Duniani hukadiriwa watu zaidi ya milioni 1.2 huumwa na nge kila mwaka, na zaidi ya 3,000 hufa, wengi wao watoto.

Hatua ya 1: Kwenye simu. Mzazi asifunge kamba, asichanje kwa wembe, asimwagie mafuta ya taa. Avue pete, aweke kitambaa cha maji baridi, aje. Kama nge keshauawa, aletwe kwenye kopo: mwenye mikono myembamba na mkia mnene ndiye wa kuogopwa zaidi.

Hatua ya 2: Mtazame mgonjwa kabla ya kidole. Hapa wengi tunakosea. Anayepiga kelele na kuruka mara nyingi atapona. Maumivu matupu si hatari. Anayeniogopesha ni mtoto aliyetulia, jasho linamtiririka, anatapika, mate yanamtoka, mikono na miguu ya baridi. Mvulana uume unaweza kusimama bila sababu; mama ataona haya kusema, kwa hiyo funua uangalie mwenyewe. Sumu huamsha mishipa ya fahamu yote kwa mpigo, presha inapanda, moyo ukizidiwa mapafu yanajaa maji. Hesabu pumzi dakika nzima, pima mapigo na presha, andika saa.

Hatua ya 3: Maumivu. Paracetamol, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito. Kama ni kidole, choma lignokaini, dawa ya ganzi, isiyo na adrenalini kwenye shina la kidole. Dawa ya sumu ya nyoka iache kwenye friji, haimsaidii.

Hatua ya 4: Rufaa. Ukiona dalili hata moja ya hatua ya 2, ita gari. Usimjaze dripu, kumbuka mapafu. Kule Mahad, India, daktari H. S. Bawaskar alionyesha tangu miaka ya 1980 kuwa prazosini, kidonge cha presha, huokoa wagonjwa wa namna hii. Iulizie hospitali ya wilaya kabla msimu haujaanza. Asiye na dalili akae zahanati kwa muda wa saa 6. Mtoto mdogo mimi namlaza mpaka asubuhi, hata baba akinung'unikia ng'ombe wake.

Hatua ya 5: Kitabu. Kwenye MTUHA, daftari la takwimu za wagonjwa, andika "nge". Ukiandika "mdudu", wilaya itaona kijiji chenye nyuki na siafu tu, na dawa hazitaagizwa.

Hatua ya 6: Nyumbani kwake. Nyufa zizibwe, kuni zikae mbali na mlango, viatu vikung'utwe, chandarua kichomekwe chini ya godoro. Kisha nenda usiku na tochi ndogo ya kukagulia noti bandia: chini ya mwanga ule nge hung'aa kijani. Mara ya kwanza nilijaribia ukutani kwangu. Kitanda nilikihamisha usiku uleule.